Fildi isiyo na jina: kisa cha faili la ratiba ya mradi wa maji, Mbeya

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, siku zile ambazo Mbeya tunakaa ofisini na makoti mpaka saa nne asubuhi na chai ya tangawizi inaisha kabla ya barua pepe kufunguka. Injinia alinirudishia ripoti ya mwezi ikiwa na duara la kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa tatu. Jedwali la gharama kwa kata lilikuwa na kata nne, na jumla yake chini. Jumla hiyo haikulingana na jumla ya mradi mzima iliyokuwa ukurasa wa kwanza. Na tofauti yenyewe haikuwa ya kuzungusha senti. Karibu theluthi ya fedha haikuwa na kata.

"Dada, hii hela imemwagikia wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu, na kisa hiki chote kinahusu siku tano nilizotumia kulitafuta. Nakiandika kwa ajili ya wapanga ratiba wenzangu, hasa wale ambao, kama mimi, walikabidhiwa faili la mtu mwingine na kuambiwa "endelea nalo".

Kwanza mazingira. Sisi ni kampuni ndogo ya ukandarasi. Mradi ni wa maji ya mserereko kwenye miinuko ya Uporoto: dakio juu msituni, bomba kuu linaloshuka, matenki mawili, kisha matawi yanayokwenda kwenye vilula vya vijiji vya kata nne. Mserereko una raha yake kwa sababu hakuna pampu wala bili ya umeme, lakini una karaha yake pia: bomba linafuata mteremko, halifuati mipaka ya watu. Linapita kwenye viazi vya huyu, parachichi za yule, linavuka korongo, linaingia kata nyingine bila hodi. Na mitaro lazima ifukiwe kabla ya mvua za Novemba, la sivyo unachimba leo, kesho unakuta umetengeneza mfereji.

Ratiba yote iko kwenye Microsoft Project, ile ya kwenye kompyuta yenyewe, siyo ya kwenye kivinjari. Hilo lina umuhimu, kwa sababu ile ya kivinjari haiendeshi makro za VBA, yaani amri unazoziandika mwenyewe ili programu ifanye kazi kwa niaba yako. Faili nililipokea mwezi wa tano kutoka kwa mtangulizi wangu aliyehamia Dodoma. Lina mistari 418. Kati ya hiyo, 12 ni mitupu, imewekwa ili kutenganisha sehemu, na 31 ni vichwa vya muhtasari. Kazi halisi ni 375. Ziweke kichwani hizi namba, tutarudi kwake.

Kwa ambaye hajawahi kuzigusa: ndani ya kila faili la Project kuna fildi za ziada, yaani safu tupu ambazo programu imekuachia uzipe jina na kazi unayoitaka wewe. Kwa upande wa kazi kuna za maandishi 30, zinaitwa Text1 hadi Text30. Za namba ni 20, za ndiyo au hapana 20, za gharama 10, za tarehe 10, kisha kuna Start, Finish, Duration na Outline Code, kumikumi. Ukijumlisha unapata 130. Upande wa rasilimali, yaani watu, mitambo na vifaa, kuna nyingine 130 zenye majina ya asili yaleyale. Text5 ya kazi na Text5 ya rasilimali ni fildi mbili tofauti kabisa. Hapo ndipo mimi nilipoteleza, lakini tusikimbilie huko.

Unapoipa fildi jina lako, tuseme Text5 ukaiita "Kata", lile jina la asili halifi. Linabaki chini yake, kama mtu anayeitwa Mama fulani mtaani huku kwenye kitambulisho lipo jina lake. Ukiificha safu isionekane kwenye mwonekano wako, data yake haifutiki. Imeondoka machoni tu. Ndiyo maana faili lililopita mikononi mwa watu wanne linaweza kubeba vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao anayeviona kwa wakati mmoja.

Ripoti yetu ilikuwa inapanga kazi kwa makundi kwa kutumia fildi iitwayo Kata. Kazi ambazo hazina kata zilikuwa zinakusanyika kwenye kundi ambalo Project yenyewe inaliita No Value. Na hapa nikiri: kundi hilo nililifuta kwa mkono wangu kwenye jedwali, mwezi wa sita na mwezi wa saba, kwa sababu lilionekana kama uchafu na nilidhani ni ile mistari mitupu. Injinia hakuniuliza kuhusu hilo na mimi sikujitangaza siku ile. Nilirudi mezani, nikafungua faili, nikahesabu. Kazi 241 zilikuwa na kata. Kazi 134 hazikuwa nayo.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kulisema: je, kata za hizo 134 hazikuwahi kujazwa, au zimejazwa mahali pengine? Kulijibu kwa mkono kungenilazimu kuingiza safu moja baada ya nyingine, Text1, Text2, Text3, huku nikishuka mistari 418 kila mara. Nikaamua kuandika makro ya kuorodhesha fildi zote za ziada na majina yake.

Makro ya kwanza niliiandika kwa haraka, dakika kumi hivi. Bonyeza Alt na F11, dirisha la VBA linafunguka, weka moduli mpya, zungusha majina, kila moja uliulize jina lililopewa, kisha lichape kwa Debug.Print kwenye dirisha la Immediate, lile linalofunguka kwa Ctrl na G. Nikaorodhesha fildi za kazi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaziongeza za rasilimali hapohapo chini yake. Sikuweka alama yoyote ya kutofautisha mstari wa kazi na mstari wa rasilimali. Nilijua mwenyewe kwamba za kazi zinatangulia, ya nini kujisumbua?

Orodha ikaja. Nikapanda juu nikitafuta fildi za maandishi. Nikaziona, Text1 mpaka Text30, na karibu zote hazikuwa na jina. Nikahitimisha: hakuna fildi nyingine ya kata. Nikampigia simu msimamizi wetu aliyepo Iringa, ambaye ndiye aliyekuwa akijaza taarifa za matawi mwanzoni mwa mwaka, nikamwambia kazi 134 hazina kata na itabidi azijaze upya.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ule wa Kihehe ambao ukiujua unajua umemuudhi: "Dada, mimi nilijaza. Mwezi wa tatu, zote za matawi. Nilikesha nazo."

Kwa heshima yake nikarudi kwenye orodha. Safari hii sikutafuta kitu nisichokijua. Nilitafuta ile Kata yenyewe, fildi ninayoitumia kila mwezi, ambayo nilikuwa na hakika ipo.

Haikuwemo.

Hapo ndipo jasho lilipotoka, baridi na yote. Orodha inayokosa kitu unachojua kipo ni orodha ya uongo, hata kama kila mstari wake ni kweli. Sababu ilikuwa ndogo na ya kijinga: dirisha la Immediate halihifadhi kila unachochapa. Linabakiza mistari kama 200 ya mwisho. Ya mwanzo inasukumwa nje bila onyo. Mimi nilikuwa nimechapa mistari 260. Sitini ya kwanza ilikuwa imeanguka. Hesabu mwenyewe nini kilikuwa ndani ya hiyo sitini: za maandishi 30, za namba 20, na kumi za kwanza za ndiyo au hapana. Yaani zile hasa ambazo watu huzitumia. Na hizo Text1 hadi Text30 nilizoziona hazina majina zilikuwa za rasilimali, ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa.

Nilimpigia tena simu yule bwana wa Iringa kumwomba radhi kabla sijafanya kitu kingine. Akacheka. Nadhani alifurahi kuliko alivyopaswa.

Makro ya pili niliiandika Jumamosi, nyumbani, taratibu. Mambo matatu yalibadilika. La kwanza, matokeo hayaendi tena kwenye dirisha, yanaandikwa kwenye faili la maandishi. La pili, kila mstari unasema ni wa kazi au wa rasilimali. La tatu, na hili ndilo lililobeba kisa chote, makro haiishii kuuliza jina. Inahesabu pia ni kazi ngapi zina kitu ndani ya fildi hiyo.

Naweka hapa kiini chake kwa fildi za maandishi tu, ili kisomeke:

```
Sub OrodheshaFildi()
  Dim n As Integer, k As Long, idadi As Long
  Dim jina As String, fomula As String
  Dim kazi As Task
  Open "D:\Ratiba\fildi.txt" For Output As #1
  For n = 1 To 30
    k = FieldNameToFieldConstant("Text" & n, pjTask)
    jina = CustomFieldGetName(k)
    fomula = ""
    On Error Resume Next
    fomula = CustomFieldGetFormula(k)
    On Error GoTo 0
    idadi = 0
    For Each kazi In ActiveProject.Tasks
      If Not kazi Is Nothing Then
        If Not kazi.Summary Then
          If kazi.GetField(k) <> "" Then idadi = idadi + 1
        End If
      End If
    Next
    Print #1, "KAZI | Text" & n & " | " & jina & " | " & idadi & " | " & fomula
  Next
  Close #1
End Sub
```

Yapo mambo ndani ya mistari hii ambayo yalinigharimu chai kadhaa, na sitaki yamgharimu mwingine.

Ule mstari unaouliza kama kazi si Nothing si pambo. Mistari mitupu ya ratiba, ile 12, kwa VBA si kazi tupu, ni hewa. Ukiigusa, makro inasimama na kosa namba 91. Na usijaribu kubana masharti mawili kwenye If moja kwa kutumia And, kwa sababu VBA haina uvivu wa busara: hata sharti la kwanza likishindwa, inakwenda kulipima la pili vilevile, na inaangukia hewani. Ndiyo maana If zimepangwa moja ndani ya nyingine, kama masufuria.

Ile fomula kuoshwa kuwa tupu kabla ya kuulizwa nayo ina sababu. Unapoiambia makro ipuuze makosa, na ombi likashindwa, kigezo, yaani ile fomula, kinabaki na thamani ya mzunguko uliopita. Ukisahau kukiosha unapata fildi kumi mfululizo zenye fomula ya jirani yao. Inaonekana kweli kabisa. Inaumiza kichwa wiki nzima.

Kingine ni kitambulisho cha fildi. Text1 ya kazi ni 188743731, na kuna anayeweza kufikiri kwamba akiongeza moja atapata Text2. Hapati. Namba hizo hazikupangwa hivyo, kwa hiyo mwachie FieldNameToFieldConstant akutafutie kwa jina la asili, hata pale ambapo fildi imeshapewa jina lako.

Kwenye aina nyingine za fildi, "tupu" ina sura nyingi. Ya maandishi ikiwa tupu inarudisha tupu kweli. Ya tarehe inarudisha NA. Ya ndiyo au hapana inarudisha No, ya namba inarudisha 0. Kwa hiyo kwa za namba nilihesabu zisizo sifuri, nikijua kwamba huenda kuna sifuri mahali fulani iliyoandikwa kwa makusudi. Sikuiona njia ya kuitofautisha kutoka nje.

Fildi 130 kwa kazi 375 ni maswali 48,750. Kompyuta yangu ya mezani, ambayo umri wake nausitiri, iliyajibu yote kabla sijamaliza kumenya ndizi.

Matokeo yenye maana yalikuwa machache. Mistari minne ndiyo iliyotufaa:

KAZI | Text5 | Kata | 241
KAZI | Text17 | Kata ya mradi | 148
KAZI | Text23 | | 47
KAZI | Cost3 | Zuio | 375 | [Cost]*0.1

Wa kwanza na wa pili ulimaliza fumbo la Injinia. Yule bwana wa Iringa alikuwa amejaza kweli. Mwonekano aliokuwa akiutumia kwake haukuonyesha safu ya Kata, akadhani haipo. Akaenda mwisho wa jedwali, kwenye ile safu iliyoandikwa Add New Column, akaandika "Kata ya mradi". Tangu toleo la 2010, ukiandika hapo jina ambalo Project hailijui, haikuulizi kitu. Inajichukulia fildi mojawapo ya ziada na kuibandika jina hilo. Laiti angeandika Kata peke yake, ingemletea safu ileile ya zamani. Maneno mawili ya ziada, "ya mradi", yakazaa fildi ya pili. Sina sababu ya kumlaumu. Mimi ningefanya vilevile, na ningeandika jina refu zaidi.

Kuunganisha fildi mbili kulionekana kazi ya dakika tano. 241 na 148 ni 389, wakati kazi ni 375, maana yake kazi 14 zilijazwa kwenye zote mbili. Nikahifadhi nakala ya faili kwanza. Kisha makro fupi: kama Text5 ni tupu, chukua ya Text17, kama zote zina kitu na ni kilekile, endelea, kama zinatofautiana, usiguse, andika pembeni. Pembeni zikaandikwa kazi tatu.

Mbili kati ya hizo yalikuwa makosa ya herufi, zikaisha. Ya tatu ilikuwa kufukia mtaro wa bomba kuu kutoka kilomita 3+200 hadi 5+050. Fildi moja ilisema kata ya juu, nyingine kata ya chini. Nikampigia fundi mkuu aliyekuwa eneo la kazi, upepo ukivuma kwenye simu. "Shikamoo mzee. Kilomita ya tatu mpaka ya tano, iko kata gani?"

"Marahaba. Kata gani tena? Mpaka ndio umekata katikati hapo, penye daraja la miti."

Kumbe wote wawili walikuwa sahihi. Kama makro ingeamua yenyewe, kwa mfano ya zamani ishinde, tungepata jedwali linalojumlika vizuri na lenye uongo ndani yake. Tiba ilikuwa kuigawa kazi mara mbili pale darajani, kila kipande na urefu wake na gharama yake. Basi kazi zikawa 376 na jedwali la Injinia likajumlika.

Mstari wa Zuio nitaupita upesi kwa sababu ulikuwa aibu ya kawaida. Fomula ilikuwa inakata asilimia 10 ya kila gharama kama fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo ambayo mteja anaishikilia kwanza, wakati mkataba wetu huu unasema 5. Fildi ilinakiliwa pamoja na fomula yake kutoka faili la mradi wa zamani, kwa kutumia Organizer, chombo cha Project cha kunakili vitu kati ya faili na faili, na hakuna aliyeifungua kuona ndani kuna nini. Makadirio yetu ya fedha za kuingia yalikuwa chini kuliko ukweli tangu mwanzo wa mwaka. Mhasibu alipoambiwa, alisema tu "nilijua", jambo ambalo bado nina shaka nalo.

Uliobaki ni ule wa tatu, Text23. Hauna jina. Una kazi 47.

Nasimama hapa kwa sababu ndipo ninapotofautiana na makro nyingi nilizoziona watu wakitumiana. Kawaida yake zinaorodhesha fildi zenye majina na kuruka zisizo nayo, ili orodha iwe fupi na safi. Ukiniuliza, hiyo ni kuorodhesha kile ambacho tayari mtu alikumbuka kukiandika. Hatari iko kwenye kile ambacho hakuna aliyekikumbuka. Mtu anaingiza safu ya Text23 kama ilivyo, anaandika vitu vyake siku mbili tatu, anaificha, anahama. Jina halikuwahi kuwekwa. Kwenye dirisha la Custom Fields anayekuja baada yake anaiona Text23 imekaa wima kama ndugu zake wasiotumika, na hakuna kitu kinachomwambia kwamba humo ndani kuna mali ya mtu.

Na mimi nilikuwa karibu kuitupa. Mpango wangu wa Jumamosi, kabla matokeo hayajatoka, ulikuwa kuhamishia ratiba kwenye kiolezo kipya chenye fildi zenye majina pekee na kuachana na lile faili lenye makorokoro. Ningefanya hivyo kwa furaha kabisa.

Nilipoifungua, Text23 ilikuwa na herufi mojamoja. S, S, S, B, S, B. Zote ziko kwenye kazi za kuchimba mitaro. 36 zilikuwa S na 11 zilikuwa B. Nilifikiria mengi: S ni saruji? B ni bomba? Dada wa manunuzi alisema labda ni vipimo vya mabomba, S ndogo na B kubwa, na kwa nusu saa sote tulimwamini. Mwishowe nikampigia mtangulizi wangu Dodoma.

"Kaka, samahani kukusumbua Jumapili. Text23 ni nini?"

"Text ngapi?"

"Ishirini na tatu. Kuna S na B."

Akafikiri. Nikamsikia akimwambia mtoto apunguze sauti ya televisheni. "Aaah. Hiyo ni ya wenye mashamba. Tulipokuwa tunapita na mwenyekiti wa kijiji kuomba ridhaa. S amesaini. B bado."

Ni ridhaa za mashamba, basi. Daftari la vikao alilichukua mtendaji, nakala za karatasi zipo kwenye kabati letu bila mpangilio, na mahali pekee palipounganisha kipande cha mtaro na saini ya mwenye shamba ni fildi isiyo na jina ndani ya faili ambalo nilikuwa nataka kulizika.

Jumatatu niliipa jina, "Ridhaa ya shamba", nikaiwekea orodha ya kuchagua ili mtu asiweze kuandika kitu kingine zaidi ya maneno mawili, Amesaini na Bado. Nilihakiki pia kwa njia isiyohusu makro yangu: nikahifadhi nakala ya ratiba kwa muundo wa XML, nikaifungua kwa Notepad na kutafuta ExtendedAttribute, ambako fildi zimeandikwa kwa jina la asili na jina la kupewa. Zikalingana. Baada ya kuumwa na lile dirisha la mistari 200 sikuwa tayari kuamini shahidi mmoja.

Nikalituma faili Iringa. Baada ya saa moja simu ikaita. "Dada, makro yenyewe siioni." Bila shaka hakuiona, niliihifadhi kwenye Global, faili la pamoja la Project kwenye kompyuta yangu, na Global haisafiri na faili. Nikaihamishia ndani ya faili kwa Organizer, nikatuma tena. Hilo nalo liandike mahali.

Mpaka hapo Injinia alikuwa ameshatulia na jedwali lake, na nilidhani kisa kimekwisha. Kisha, kwa udadisi tu, nikapanga ratiba kwa ridhaa badala ya kata, nikaangalia zile 11 za Bado zinaangukia tarehe gani. Nane zilikuwa za mwezi wa tisa. Tatu zilikuwa za wiki ileile, na wachimbaji walikuwa wamebakiza kama mita mia nne kulifikia shamba la kwanza.

Nikampigia mzee fundi mkuu. Akashusha pumzi, akasema ngoja, akaita mtu, akarudi. Wachimbaji alishawahamishia kwenye tawi lingine kabla hatujakata simu. Jioni yeye na mwenyekiti wa kijiji wakapita kwa wenye mashamba watatu.

Jumatano nilibadilisha mbili kuwa Amesaini. Ya tatu bado. Mwenye shamba hana ugomvi na bomba. Anataka avune viazi vyake kwanza, na anasema vinahitaji wiki tatu. Nimesogeza kazi hiyo wiki tatu mbele.